UZI: Pipa moja, lebo mbili. Kwa nini kemikali "si hatari" barabarani lakini ni hatari kazini

Mtunza Ghala #1

Wakuu, salaam.

Kuna kijana tulikuwa naye kazini, mchapakazi kwelikweli. Siku moja nikamkuta anahamisha kimiminika kutoka kwenye pipa kwenda kwenye ndoo, mikono mitupu na pua wazi. Nikamsimamisha. Hakubisha. Alikwenda kuchukua SDS, yaani karatasi ya taarifa za usalama, ya kimiminika kile, akaifungua kipengele cha 14 na kuniwekea kidole: "Si mzigo hatari kwa usafirishaji." Akasema, "Mkuu, wenyewe wameandika si hatari."

Kimiminika chenyewe kilikuwa MDI, kile kinachochanganywa kutengeneza povu la poliurethani. Na ni kweli kipengele cha 14 kiliandikwa hivyo, wala hakikukosewa. Ila kurasa chache nyuma, kipengele cha 2 cha karatasi hiyohiyo, kuna maneno mengine: kikivutwa kinaweza kuleta mzio wa mapafu na dalili za pumu, na kinashukiwa kusababisha saratani. Mzio wa aina hii ukishamwingia mtu hauna msamaha. Kiasi kidogo ambacho jirani yake hata hakihisi chaweza kumbana kifua.

Kijana hakuwa mvivu wa kusoma. Alisoma, tena kuliko wengi, isipokuwa alisoma jibu la swali lisilo lake. Tangu siku ile nimeona kosa hilohilo kwa watunza stoo, wanunuzi, hata kwa watu wenye vyeti ukutani. Nataka tulijadili hapa kwa kituo.

Mtunza Ghala #2

Tuanze na asili, maana bila asili hili jambo linaonekana kama uzembe wa waandishi wa sheria.

Kuna vitabu viwili vya Umoja wa Mataifa, na watu wa fani huviita kwa rangi za majalada. Cha chungwa ni cha usafirishaji. Kamati ya wataalamu iliundwa 1953, mapendekezo yake ya kwanza yakatoka 1956. Humo ndimo zinamotoka namba za UN zenye tarakimu nne na madaraja tisa ya mizigo hatari. Kila njia ya usafiri ikachukua kitabu hicho ikakitungia kanuni zake: bahari ina IMDG, anga ina maelekezo ya ICAO, barabara za nchi zilizojiunga nayo zina ADR, reli ina RID.

Cha zambarau ni GHS, mfumo wa dunia wa kupanga hatari za kemikali na kuziwekea lebo, na huyu ni mdogo sana kiumri. Agizo lake lilitoka kwenye mkutano wa Rio wa 1992, likakubaliwa na wataalamu Desemba 2002, kitabu kikachapishwa 2003. Hicho ndicho chenye alama za pembe nne zenye mpaka mwekundu tunazoziona kwenye chupa na ndoo kazini. Nchi zikakiingiza kwenye sheria zao: Umoja wa Ulaya kwa kanuni yake namba 1272 ya 2008, Marekani kwa kanuni ya OSHA, wakala wake wa usalama kazini, iliyofanyiwa marekebisho 2012 na tena 2024.

Wenye vitabu hivi si maadui. Mwaka 1999 kamati ya chungwa ilipanuliwa ili ibebe na GHS, ikawa na kamati ndogo mbili chini ya paa moja. Vipimo vingi vya maabara ni vilevile.

Tofauti iko kwenye swali. Kanuni za usafirishaji zinauliza: pipa hili likipasuka sasa hivi, kwenye meli au kona ya barabara, nani ataumia leo? Kanuni za kazini zinauliza hilo, kisha zinaongeza: na huyu anayelishika kila siku, mwaka wa kumi atakuwa na mapafu gani, ini gani, atazaa watoto wa namna gani?

Dada wa Maabara #3

Asante kwa uzi, mkuu. Mimi nafundisha wanaoanza maabara na swali lao huwa hili: kategoria za GHS na makundi ya ufungashaji ya usafirishaji, yale ya I, II na III, si kitu kimoja? Mbona namba zinaonekana kufanana?

Mtunza Ghala #4

Dada, zinafanana kwa sababu zilifananishwa kwa makusudi, na pale zinapofanana ni raha tupu. Chukua vimiminika vinavyowaka. Kipimo kikuu ni lile joto la chini kabisa ambalo mvuke wa kimiminika hutosha kushika moto ukikutana na cheche.

Mvuke ukishika moto chini ya nyuzi 23, na kimiminika kikianza kuchemka kwenye nyuzi 35 au chini yake, hiyo ni kategoria 1, na barabarani ni kundi la I. Chini ya nyuzi 23 lakini kinachemka juu ya 35, kategoria 2, kundi la II. Asetoni ndipo ilipo. Kuanzia 23 hadi 60, kategoria 3, kundi la III. Mpaka hapo mtu anaweza kutembea kutoka kitabu hadi kitabu akiwa amefumba macho.

Halafu njia inakatika. GHS ina kategoria 4, kutoka juu ya 60 hadi 93. Usafirishaji kwa jumla hauna habari nayo, isipokuwa mzigo ukisafirishwa ukiwa umepashwa moto hadi kufikia joto lake la kushika moto. Ulaya nayo haikuichukua kategoria 4, Marekani imeichukua. Kwa hiyo karatasi mbili za kimiminika kilekile zinaweza kusema tofauti na zote zikawa sahihi. GHS iliruhusu kila nchi ichague vipande inavyovitaka.

Sumu ni hivyohivyo. Kwa kumeza, dozi inayoua nusu ya wanyama wa majaribio ikiwa miligramu 5 au chini kwa kila kilo ya uzito wa mwili ni kategoria 1 na kundi la I. Hadi 50 ni kategoria 2 na kundi la II. Hadi 300 ni kategoria 3 na kundi la III, daraja la 6.1. Kisha kategoria 4 inakwenda hadi 2000 na lori halitaki kujua. Kati ya 300 na 2000 kuna kemikali nyingi mno zinazouzwa bila lebo yoyote ya usafiri. Ethilini glaikoli, ile ya kwenye maji ya rejeta, ni mojawapo: kazini ina onyo la kumeza na la figo, kwenye usafirishaji si mzigo hatari. Ina ladha tamu, na watoto na mbwa wameinywa wakafa.

Zinazounguza ngozi nazo zimepangwa sawa: 1A, 1B na 1C zinakwenda na I, II na III, kulingana na muda zinaochukua kuharibu ngozi, kuanzia dakika tatu hadi saa nne. Lakini angalia jicho. Kemikali inayoharibu jicho moja kwa moja bila kuunguza ngozi inapewa alama ileile ya kimiminika kinachotafuna mkono, kazini. Usafirishaji hauna daraja la macho. Sabuni nyingi nzito za viwandani zinaangukia hapa.

Waambie wanafunzi wako na hili: kwenye GHS, 1 ndiyo mbaya kuliko zote. Kwenye ile almasi ya rangi nne ya NFPA inayobandikwa ukutani kwa ajili ya wazima moto, 4 ndiyo mbaya kuliko zote. Nimeona mtu akisoma "kategoria 1" akashusha pumzi.

Dereva wa Masafa #5

Mkuu, sisi wa boza tunaambiwa tu "33 juu, 1203 chini". Nimebeba miaka. Hiyo 33 ni daraja gani sasa? Maana daraja ni la 3, si la 33.

Mtunza Ghala #6

Swali zuri, kaka. Bango lile la chungwa linasema mambo mawili. Chini ni namba ya UN, 1203 ni petroli. Juu ni namba ya hatari: tarakimu ya kwanza ni hatari kuu, 3 maana yake kimiminika kinachowaka, na tarakimu ikirudiwa maana yake hatari imezidi. Ndiyo sababu dizeli ni 30 juu ya 1202 na petroli ni 33. Methanoli ni 336 juu ya 1230: inawaka sana na ni sumu pia. Ukiona herufi X mbele ya namba, mzigo huo unagombana na maji vibaya, mzima moto asikimbilie kumwaga maji.

Methanoli inaonyesha jinsi kitabu cha chungwa kinavyoamua mambo. Kemikali ikiwa na hatari mbili, kuna jedwali la kusema ipi inatangulia. Ya kwanza inakuwa daraja, ya pili inakuwa hatari ya ziada na lebo yake inabandikwa pembeni. GHS haifanyi hivyo. Yenyewe huorodhesha hatari zote, na zote zina haki ya kusemwa.

Dereva wa Masafa #7

Nimekupata. Kwa hiyo mimi dereva nikiona moto peke yake kwenye lebo, nisiamini kwamba ni moto tu.

Mtunza Ghala #8

Hapo umegusa penyewe. Benzeni. UN 1114, daraja la 3, kundi la II. Pipa lake kwenye lori lina lebo moja nyekundu ya moto. Nenda kipengele cha 2 cha SDS yake: husababisha saratani, na hapa neno ni husababisha, si hushukiwa. Inaharibu damu kwa anayeivuta muda mrefu, inaweza kugeuza chembe za urithi, ikimezwa ikaingia mapafuni inaweza kuua. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka kundi la kwanza, pamoja na moshi wa sigara. Yote hayo hayana hata lebo moja barabarani, kwa sababu kitabu cha chungwa hakina daraja la saratani, wala la uzazi, wala la mzio. Ile alama ya GHS ya kifua chenye nyota, ya madhara makubwa ya kiafya kama hayo, haipo kabisa kwenye usafirishaji. Alama ya mshangao nayo haipo.

Vumbi la silika linakwenda mbali zaidi. Halina namba ya UN, halina daraja, linabebwa kama unga wa ngano. Anayelikata na kulisaga bila maji na bila barakoa inayofaa anapata ugonjwa wa mapafu usiopona.

Wewe kaka ukiwa kwenye usukani na pipa limefungwa, hatari ya saratani kwako ni ndogo kweli, na lebo ya moto ndiyo inayokuhusu. Ila ukishuka ukasaidia kumimina, umeshavuka mpaka. Umekuwa mfanyakazi wa ghala, na kitabu chako kimebadilika.

Mkaguzi #9

Naomba nipingane kidogo. Kama vipimo ni vilevile na kamati ni ileile, kwa nini tusiwe na lebo moja tu? Hii ya lebo mbili inawachanganya watu, na uzi wenyewe ni ushahidi.

Mtunza Ghala #10

Mkaguzi, nilikuwa na mawazo hayo miaka ya mwanzo. Nimeyaacha.

Fikiria mzima moto aliye mita mia kutoka kwenye lori lililopinduka. Anahitaji kujua mambo matatu manne: litalipuka, litaua kwa pumzi moja, nimwage maji au nisimwage. Lebo za usafiri ndiyo maana ni kubwa, sentimita 10 kwa 10 kwenye pipa na 25 kwa 25 kwenye kontena, rangi imejaa, namba ya daraja kwenye kona ya chini. Ukimwongezea alama ya mzio wa ngozi kila katoni ya rangi ya nywele, lori zima litakuwa na lebo na hataona ile ya klorini.

Kanuni yenyewe imejaribu kupunguza mkanganyiko. Pipa likishabandikwa lebo ya usafiri ya moto, alama ya GHS ya moto hairudiwi kwa hatari hiyohiyo. Zile ambazo usafiri hauzijui, kifua chenye nyota na mshangao, zinabaki. Na katoni yenye chupa ndani: nje inabeba lebo ya usafiri, chupa ndani inabeba ya kazi. Anayefungua katoni ndiye anayeanza kuishi na GHS.

Anayeonewa ni mtu wa katikati, mpakiaji na mtunza ghala la kupitishia. Katoni hafungui, lakini analala nazo wiki nzima, anazidondosha, anafagia kilichomwagika. Kwake naamini karatasi ya SDS iwe mkononi mwake kabla mzigo haujashuka, siyo kwenye kompyuta ya ofisini.

Dada wa Maabara #11

Na upande wa pili, mkuu? Kuna vitu usafirishaji unaviona hatari na GHS haivioni?

Mtunza Ghala #12

Vipo. Betri za lithiamu-ioni ni daraja la 9, UN 3480 zikisafirishwa peke yake. GHS kwa kawaida haigusi vifaa vilivyokamilika, kwa hiyo huwezi kukuta alama ya mpaka mwekundu kwenye betri. Vimelea vya magonjwa ni 6.2, mionzi ni daraja la 7, vyote viko nje ya GHS. Barafu kavu ni UN 1845, daraja la 9. Ipeleke kwenye chumba kidogo kisichopitisha hewa, itageuka gesi, itasukuma oksijeni, na mtu ataanguka bila kunusa chochote.

Kuna pia kinachotafuna chuma, ingawa hiki GHS nayo inakitambua. Kimiminika kikila chuma au aluminiamu zaidi ya milimita 6.25 kwa mwaka kwenye nyuzi 55, ni daraja la 8 hata kama ngozi yako hakiidhuru. Mtu wa kazini anaweza kuona ni jambo dogo. Mtu wa ndege haoni hivyo.

Na mazingira. Usafirishaji una UN 3077 kwa vitu vikavu na 3082 kwa vimiminika vinavyoua viumbe wa majini, ila vifungashio vya hadi kilo 5 au lita 5 husamehewa. OSHA ya Marekani haisimamii mazingira kabisa, Ulaya inayasimamia. Ndiyo maana unaweza kukuta alama ya samaki mfu kwenye lebo ya muuzaji mmoja na asiwepo kwenye ya mwingine.

Mtunza Ghala #13

Nirudi kwenye jambo ambalo naona ndilo zito kuliko yote, maana limeua watu wengi kwa siku moja.

Daraja la usafirishaji mara nyingine linaeleza mzigo jinsi *ulivyofungashwa*, si kitu chenyewe. Vilipuzi ndipo hili linapoonekana wazi. Kitu kinaweza kupewa 1.4, yaani madhara yake kwa sehemu kubwa hayatoki nje ya boksi, kwa sababu boksi, nafasi na vizuizi vya ndani vimepimwa pamoja nacho. Kitoe, kirundike mezani, na ile 1.4 haina maana tena. Kwa miaka GHS ilikuwa inanakili mgawanyo wa usafirishaji kama ulivyo. Toleo la 9, la 2021, liliandika sura ya vilipuzi upya ili mtu wa kiwandani asidanganywe na daraja la boksi ambalo ameshalichana.

Sasa nitroselulosi. Ikiwa kavu ni kilipuzi. Ikilowanishwa na maji au alkoholi ya kutosha, robo ya uzito au zaidi, inashuka hadi daraja la 4.1, kitu kikavu kinachowaka, UN 2555 ikiwa na maji na 2556 ikiwa na alkoholi. Ule unyevu ndio usalama wenyewe. Daraja linasema kweli kwa muda wote unyevu upo.

Tianjin, China, usiku wa tarehe 12 Agosti 2015. Kwenye yadi ya makontena bandarini, nitroselulosi ilikauka. Kile kilowanishi kilipotea kwa joto, ikaanza kujipasha yenyewe, ikawaka. Moto ukaifikia shehena ya amoniamu nitrati. Watu 165 walikufa na 8 hawakuonekana, wengi wao wazima moto walioingia wakidhani wanakwenda kuzima moto wa makontena.

Makaratasi ya safari yanaandikwa siku ya kupakia. Mzigo ukikaa yadini wiki mbili juani, karatasi inabaki ilivyo, kitu kilichomo ndani kinabadilika. Toleo la 6 la GHS, la mwaka uleule 2015, liliweka daraja jipya la vilipuzi vilivyopunguzwa makali, na maonyo yake yanataja wazi kwamba hatari ya mlipuko inaongezeka kilowanishi kikipungua. Sentensi hiyo ndiyo mtunza yadi anayoihitaji. Kwenye lebo ya 4.1 haipo.

Beirut ni kisa kingine: tani 2,750 za amoniamu nitrati, daraja la 5.1, yaani vioksidishaji vinavyochochea moto, zilishushwa kutoka melini zikakaa ghalani tangu 2014 hadi zilipolipuka tarehe 4 Agosti 2020 na kuua watu zaidi ya 200. Kitu kilichopangwa kwa safari kiligeuzwa cha kuhifadhiwa, na hakuna aliyekipangia upya.

Mkaguzi #14

Nimeipokea hoja, hasa ya yadi. Basi tukubaliane na hili: kwa kupanga stoo, je, tutumie jedwali la kutenganisha la usafirishaji? Wengi nawaona wanapanga rafu kwa namba za madaraja. 3 huku, 5.1 kule, 8 pale chini.

Fundi Mabwawa #15

Hata sisi ndivyo. Tunahudumia mabwawa ya kuogelea. 8 zote chumba kimoja, 5.1 zote rafu moja. Alikuja mtu akatusifu kwa usafi.

Mtunza Ghala #16

Fundi, kaka, naomba unijibu haraka: kwenye chumba cha 8 kuna nini na nini? Na kwenye rafu ya 5.1?

Fundi Mabwawa #17

Chumba cha 8: madumu ya asidi ya hidrokloriki na madumu ya klorini ya maji. Rafu ya 5.1: ndoo za klorini ya punje, ile ya kalsiamu, na ndoo za vidonge vya trikloro.

Mtunza Ghala #18

Ndugu yangu, acha unachofanya uende ukavitenganishe leo. Nieleze kwa nini, ili usiwaambie wenzako "mtu wa mtandaoni kasema".

Asidi ya hidrokloriki ni UN 1789, daraja la 8. Klorini ya maji, yaani haipokloraiti, ni UN 1791, daraja la 8 pia. Lebo zao ni moja: nyeusi chini, nyeupe juu, mkono na chuma vinaliwa. Zikikutana zinatoa gesi ya klorini, ileile iliyofunguliwa Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915 dhidi ya wanajeshi kwenye mahandaki. Ni nzito kuliko hewa, inalala chini, inajaza chumba kuanzia sakafuni. Namba 8 inakuambia kila kimoja kitafanya nini kwenye ngozi na chuma. Vitafanyiana nini vyenyewe, haisemi.

Wenye IMDG wanalijua hili. Ndiyo maana juu ya jedwali la madaraja waliongeza makundi ya kutenganisha: asidi zina lao, alkali zina lao, haipokloraiti zina lao. Aliyechukua jedwali la madaraja akayaacha makundi amechukua nusu ya kanuni.

Rafu ya 5.1 ni mbaya vilevile. Kalsiamu haipokloraiti na trikloro zote zinaitwa "klorini", zote 5.1, zinafanana hata kwa harufu. Zikichanganyika, hasa zikipata unyevu, zinaweza kuwaka na kulipuka. Kijiko kichafu kinatosha kuanzisha.

Mkaguzi, hilo ndilo jibu langu kwako pia. Daraja linafaa kwa mchujo wa kwanza: vinavyowaka mbali na 5.1, sawa. Baada ya hapo fungua SDS kipengele cha 7 kwa uhifadhi na cha 10 kwa vitu visivyopatana. Kipengele cha 14 kifungwe mpaka lori lije.

Dada wa Maabara #19

Mimi maabara nimekuta asidi ya nitriki na asidi asetiki zimekaa bega kwa bega kwa sababu zote ni "asidi" na zote ni 8. Moja inaoksidisha, nyingine inawaka. Nimezihamisha kabla sijamaliza kusoma post #18.

Fundi Mabwawa #20

Nimerudi wakuu. Asidi tumeitoa, iko banda la nje lenye kivuli, peke yake, na beseni chini yake. Trikloro imekwenda chumba kingine. Klorini ya punje imebaki kwenye rafu yake, pembeni kuna magunia tu ya poda ya kushusha pH. Hayana lebo yoyote ya usafiri, nimekagua pande zote.

Mtunza Ghala #21

Hongera kwa kuhama siku hiyohiyo, fundi. Lakini magunia hayo nayo yahame.

Poda ya kushusha pH kwa kawaida ni sodiamu baisalfeti. Ikiwa kavu si mzigo hatari kwa usafirishaji, ndiyo maana gunia ni tupu. Ikilowa ni asidi. Ikikutana na klorini yako ya punje kwenye unyevu wa chumba cha mabwawa, gesi ni ileile niliyokutajia. Na kazini ina alama: inaharibu macho vibaya. Ikiwa mfuko hauna alama hiyo, muulize aliyewauzia SDS.

Nani anazipima hizo poda, na kwa chombo gani?

Fundi Mabwawa #22

Nimekwenda kuangalia kabla ya kujibu. Magunia yamehama, yako stoo ya mbele na vifaa vya usafi vikavu.

Gunia moja lilikuwa wazi mdomo. Ndani yake kulikuwa na kopo la plastiki la kupimia. Nikamuuliza kijana la klorini liko wapi. Akasema ni hilohilo.

Mtunza Ghala #23

Kopo hilo litupwe, lisioshwe likarudi kazini. Nunua matatu ya rangi tofauti, moja la punje, moja la trikloro, moja la poda, kila moja lifungwe kwa kamba kwenye ndoo yake. Na huyo kijana mpe SDS tatu, kaa naye msome kipengele cha 2 na cha 10 pamoja, wewe na yeye, kwa sauti.

Fundi Mabwawa #24

Tumekaa tayari. Tuko kwenye ya pili.